Namna ya Kuisaidia Familia ya Kipato cha Chini Kupata Nyumba Yake ya Kwanza

Mwongozo huu nimewaandikia wale wanaofuatwa na familia zenye kipato kidogo pindi zinapotaka kuacha kupanga na kupata pa kwao: mtoto aliyesoma na kutegemewa na wazazi, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mzee wa kanisa au wa msikiti, msaidizi wa kisheria wa kata, au jirani tu ambaye watu wanamwamini kwa sababu anajua kusoma karatasi na hana haraka. Ninazungumzia Tanzania, hasa Dar es Salaam na maeneo yanayokua kwa kasi pembezoni mwake, kwa kuwa huko ndiko nilikozisindikiza familia za aina hii na ndiko ninakozifahamu taratibu zake.

Wengi hudhani kwamba msaada mkubwa kwa familia hizi ni fedha. Fedha zinahitajika, lakini familia nilizoziona zikikosa nyumba kwa sababu hazikuweza kabisa kuweka akiba ni chache kuliko zile ambazo akiba yao ya miaka sita au saba iliteketea kwa siku moja, juu ya kiwanja ambacho hakikuwa cha muuzaji, au kilichouzwa mara mbili, au kilichokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mtu mwenye uwezo akipoteza kiwanja ataumia, kisha atanunua kingine. Familia inayoishi kwa kuuza mboga au kuendesha bajaji haina fedha za mara ya pili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaidizi ni kuhakikisha kwamba hakuna shilingi inayotoka mikononi mwa familia kabla ya wakati wake, na kila hatua nitakayoieleza hapa inatokana na jambo hilo moja.

Kujua uwezo halisi wa familia

Anza kwa kukaa na mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wanaochangia kama wapo. Usikubali kuzungumza na mmoja tu. Waombe wanunue daftari la kawaida na kwa miezi mitatu waandike kila jioni kilichoingia na kilichotoka, bila kuona aibu na bila kuficha. Kwa mtu asiye na mshahara, kipato cha siku moja hakielezi chochote, kwa kuwa siku ya mvua kubwa hakuna mauzo na mwezi wa Ramadhani au wa kufungua shule una sura yake. Miezi mitatu huonyesha mengi ambayo familia yenyewe ilikuwa haijayaona: fedha zinazotumwa kijijini, michango ya harusi na misiba, na zaidi ya yote kodi ya pango, ambayo wenye nyumba wengi huitaka kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka mzima, na ambayo kila inapofika huikomba akiba yote.

Daftari hilo hufichua pia madeni. Ikiwa familia ina mkopo wa ile aina ambayo mitaani huitwa kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku au kila wiki, basi safari ya nyumba isianze kabla deni hilo halijamalizwa, hata kama kulimaliza kutachukua mwaka mzima. Nimewahi kubishana na familia juu ya jambo hili, na nitaendelea kubishana, kwa sababu hakuna kiwanja kinachopanda thamani kwa kasi ya riba ile.

Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la kununua nyumba iliyokamilika kwa mkopo wa benki au kununua kiwanja na kujenga kidogo kidogo. Mikopo ya nyumba ipo nchini, na tangu Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, pamoja na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu, imekuwa ikitolewa kwa miaka 15 na zaidi. Hata hivyo, ifanyie familia hesabu kwa kalamu mbele yao. Mkopo wa shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 15, unadai rejesho la takriban shilingi 420,000 kila mwezi, na hadi unakwisha familia itakuwa imelipa zaidi ya shilingi milioni 75. Kwa mwajiriwa mwenye mshahara wa uhakika, na ambaye baada ya makato yote bado anabakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa mama lishe, hata anayepata zaidi ya kiasi hicho katika mwezi mzuri, mwezi mmoja mbaya unatosha kuiweka nyumba katika hatari ya kupigwa mnada. Ndiyo sababu familia nyingi za kipato cha chini hufuata njia ya kiwanja na ujenzi wa awamu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu itahusu njia hiyo.

Akiba na mahali pa kuiweka

Akiba iwekwe mahali ambapo si rahisi kuifikia na ambapo panatambulika kisheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama VICOBA visajiliwe na SACCOS ziwe na leseni, hivyo jambo la kwanza ni kuomba kuona cheti, kisha katiba ya kikundi, kisha taarifa ya mgao wa mwaka uliopita. Kikundi kisichoweza kuonyesha mgao wake uliopita kisipewe fedha za nyumba.

Kuna jambo moja ambalo madalali wanalifahamu vizuri na familia hazilifahamu. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana fedha mwishoni mwa mwaka, na katika majuma hayo viwanja vya bei nafuu hutangazwa kwa wingi, kila kimoja kikidaiwa kuwa kina mnunuzi mwingine atakayelipa kesho asubuhi. Ishauri familia iuhamishie mgao wake benki siku ileile, katika akaunti ambayo fedha zake hazitoki bila saini za wote wawili, na ianze kutafuta kiwanja baadaye bila kukimbizwa na mtu. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, ni mikopo ya shughuli za uzalishaji. Itumike kukuza biashara inayoilisha akiba, wala isigeuzwe fedha za kiwanja, kwa sababu marejesho yake huanza mapema na kiwanja hakiingizi kitu.

Eneo

Kiwanja cha bei ndogo sana mara nyingi kina sababu ya kuwa na bei hiyo, na sababu kubwa mbili jijini Dar es Salaam ni maji na barabara. Bonde la Msimbazi limeshatoa somo hilo kwa uchungu: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 hadi mapema 2016 nyumba nyingine bondeni humo zilibomolewa. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipita kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, na waliokuwa wamejenga kwa miaka mingi wakaamka na alama nyekundu ya X ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ziko sehemu ambazo hifadhi ni pana zaidi. Kabla ya kulizungumzia jambo lolote la bei, nenda katika ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukiwa na maelezo ya eneo, uulize ramani inasema nini kuhusu mahali hapo: ni makazi, ni eneo la wazi, ni njia ya umeme mkubwa, au ni barabara ambayo bado haijachongwa.

Eneo lenyewe lionwe mara mbili, na mara moja iwe wakati wa masika. Ikiwa familia haiwezi kusubiri masika, itazame kuta za nyumba za jirani, kwa kuwa maji huacha mstari wa udongo, na iwaulize vijana wa bodaboda wa kijiweni ni barabara ipi hawapiti mvua zikinyesha. Kisha ipige hesabu ya nauli. Kiwanja cha mbali kinachoongeza nauli ya shilingi 2,000 kwa siku kwa kila mtu mzima kitawagharimu watu wawili wanaofanya kazi siku 26 shilingi 104,000 kila mwezi, na kiasi hicho ni kodi ya chumba katika mitaa mingi.

Kuzisoma karatasi

Hapa ndipo msaidizi anapohitajika kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia. Haki hiyo ina nguvu tofauti kulingana na karatasi inayoithibitisha. Yenye nguvu zaidi mjini ni hati miliki, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kipindi kisichozidi miaka 99, na mara nyingi ni miaka 33, 66 au 99. Kabla ya hati, mmiliki wa kiwanja kilichopimwa huweza kuwa na barua ya toleo, ambayo ina masharti na malipo yake, nayo isichukuliwe kuwa hati. Katika makazi yasiyopangwa iko leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na huhuishwa, lakini inamtambua mwenye eneo katika kumbukumbu za serikali. Vijijini iko hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, na huko mtu asiye mkazi wa kijiji hawezi kununua kwa kupatana na mwenye shamba peke yake bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Maeneo mengi ya pembezoni mwa jiji yanayouzwa leo kama viwanja yalikuwa mashamba ya kijiji miaka michache iliyopita, na mipaka ya kijiji na mtaa haikuhama kwa sababu tu dalali amesema hivyo.

Ngazi ya chini kabisa, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo familia nyingi hukutana nayo, ni eneo ambalo halijapimwa, lenye karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Siwezi kusema familia isinunue eneo la namna hiyo, maana kwa kipato chao mara nyingi ndilo pekee linalowezekana, na maeneo mengi ya aina hiyo yamekwisha kurasimishwa na wenyewe wakapata hati. Ninachosema ni kwamba muhuri wa mtaa unathibitisha tu kuwa watu fulani walishuhudia mapatano. Muhuri huo hauandikishi ardhi kwa jina la mnunuzi, wala hauzuii eneo hilo kuuzwa tena Jumatatu ijayo. Mahali hapo pakiulizwa asilimia 10 ya bei kama malipo ya mtaa, omba kuonyeshwa sheria ndogo ya halmashauri inayoruhusu tozo hiyo na stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi dai hilo huishia hapo.

Ikiwa kiwanja kina hati, omba nakala yake na uende ofisi ya ardhi ya mkoa kufanya upekuzi rasmi. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani, zuio la mahakama au pingamizi lililowekwa na mtu mwingine. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara inayozuiwa, na huu ndio mchango ambao msaidizi anaweza kuutoa hata kutoka mfukoni mwake. Jina katika upekuzi, jina katika hati na jina katika kitambulisho cha taifa cha muuzaji yawe ni ya mtu mmoja. Kama aliyesajiliwa amefariki, asiuze mtoto wala mjane wala kaka mkubwa kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, na hata huyo msimamizi auze warithi wakiwa wanajua. Kama muuzaji ana ndoa, mwenzi wake atie saini ya ridhaa, kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Nimemwona mke akirudi kutoka kijijini na kukuta nyumba yake imeuzwa. Kesi ile ilikula miaka, na familia iliyonunua iliendelea kulipa kodi ya pango muda wote huo.

Kwa viwanja vinavyouzwa kwa awamu na kampuni au na watu waliogawa mashamba, usiishie kwenye mchoro wa rangi wanaowagawia wateja. Omba namba ya mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, kisha uzipeleke mwenyewe halmashauri zikahakikiwe. Kampuni yenye kazi safi haikasiriki kwa hilo.

Siku ya kwenda kiwanjani

Nenda na futi ya kamba ya mita 50, mchana, pamoja na majirani wa pande zote nne. Nakumbuka mama mmoja muuza vitumbua aliyeambiwa kwamba kiwanja chake ni "ishirini kwa ishirini". Muuzaji alipima kwa miguu, akitembea hatua fupi na kuhesabu kwa sauti kubwa, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Tulipovuta kamba, upande wa mbele ulikuwa na mita 15 na nusu, na upande wa nyuma mita 13. Maana yake, hata kama urefu wa kwenda nyuma ungekuwa mita 20 kamili, alikuwa anauziwa chini ya robo tatu ya eneo alilokuwa analipia. Hakuna aliyemwibia kwa ujanja mkubwa. Alikuwa tu hajawahi kumwona mtu akipima kwa kamba. Bei ilijadiliwa upya palepale, mbele ya majirani, na baadaye akaniambia kwamba fedha zilizookolewa ndizo zilizochimba choo.

Kwenye kiwanja kilichopimwa tafuteni bikoni zote, yaani yale mawe ya mpaka yenye namba, na mzilinganishe namba hizo na zilizo kwenye ramani. Bikoni ikikosekana, mpima aliyesajiliwa airudishe kabla ya malipo, wala isichukuliwe kwamba mti au ukuta wa jirani unatosha. Waulizeni majirani maswali mepesi: nani alikuwa analima hapa, nani mwingine amewahi kuletwa kuonyeshwa, kuna ugomvi wowote wa njia. Jirani mwenye kinyongo huzungumza, na jirani mwema naye huzungumza akiulizwa kwa heshima.

Mkataba na malipo

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, hivyo neno la mdomo halitoshi hata kati ya ndugu wa damu. Mkataba uandaliwe na wakili mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo, na usomwe wote kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya familia kabla ya kutiwa saini. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho, picha za pande zote mbili, vipimo vya kila upande, majina ya majirani wa mipaka, bei kwa tarakimu na kwa maneno, utaratibu wa malipo, na kifungu kinachoeleza nini kitatokea muuzaji akishindwa kukabidhi. Familia isiyoweza kumlipa wakili inaweza kupata ushauri bila malipo kwa watoa huduma na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao wapo katika wilaya nyingi.

Fedha zipite benki, kutoka akaunti ya familia hadi akaunti yenye jina lilelile la muuzaji. Zisitolewe kwa dalali, wala kwa mtoto wa muuzaji, wala kwenye simu yenye jina tofauti. Kwa kiwanja chenye hati, sehemu ya bei ibaki hadi uhamisho ukamilike, kwa kuwa bado kuna uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni wajibu wa muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1, idhini ya Kamishna wa Ardhi, na hatimaye usajili kwa Msajili wa Hati. Muuzaji aliyekwisha kulipwa fedha zote hana haraka tena ya kwenda kulipa kodi yake, na familia ndiyo itakayohangaika. Tengeni gharama za uhamisho mapema, mbali na bei ya kiwanja, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama na kubaki na hati yenye jina la mtu mwingine kabatini kwa miaka kumi.

Jina la nani liandikwe? Naomba msaidizi asilikwepe swali hili kwa kuona kwamba ni la ndani ya familia. Kama mume na mke wamechangia, na kumpikia na kumlelea watoto mwenzako ni kuchangia, majina yote mawili yaingie katika mkataba na katika hati. Sheria ya Ardhi inaruhusu umiliki wa pamoja, na kuandika majina mawili siku ya kwanza hakuongezi gharama yoyote, wakati kuliongeza jina baada ya ugomvi au msiba huwa karibu haiwezekani bila kesi. Nimewasikia wanaume wazuri wakisema kwamba mke wao anawaamini. Ndugu wa marehemu ndio huja kuivunja imani hiyo, tena mara nyingi kabla ya arobaini kwisha.

Kujenga kwa lengo la kuhamia

Baada ya kupata kiwanja, lengo liwe ni kuondoa kodi ya pango haraka iwezekanavyo. Familia nyingi huanza msingi wa nyumba kubwa ya vyumba vinne, fedha zinaishia kwenye lenta, na boma hubaki likiota majani huku wao wakiendelea kupanga. Ushauri wangu ni kuomba kibali cha ujenzi kwa ramani ya nyumba inayokua: awamu ya kwanza iwe chumba, sebule na choo vinavyojitegemea, na kuta za baadaye ziwe zimekwisha kufikiriwa katika msingi. Familia ikihamia kwenye chumba kisichopigwa lipu, chenye jamvi, paa, mlango imara na choo safi, ile kodi ya miezi sita inageuka kuwa saruji na nondo.

Nunueni vifaa kwa mpangilio wa kazi. Saruji iliyokaa miezi mitano kwenye banda lenye unyevu huganda, na nondo za chini zinaibwa. Matofali yafyatuliwe mkiwapo, kwa sababu fundi anayelipwa kwa idadi ya matofali huwa na kishawishi cha kuurefusha mfuko mmoja wa saruji, na tofali la namna hiyo utalijua kwa kuliangusha kutoka usawa wa kiuno: likivunjika vipande vingi, limekosa saruji. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika, na kila malipo yaandikwe katika lile daftari la mwanzo.

Ikiwa eneo halikuwa limepimwa, fuatilieni mradi wa urasimishaji mara tu utakapofika mtaani kwenu. Hudhurieni mikutano, kubalini kutoa sehemu ya eneo kwa ajili ya njia hata kama inauma, na lipieni katika akaunti iliyotangazwa rasmi. Wanaokataa kutoa mita moja ya njia huishia kuwa na nyumba ambayo gari la wagonjwa haliwezi kuifikia. Hati ikishatoka, kodi ya pango la ardhi, yaani ile inayolipwa serikalini kwa ajili ya kiwanja, ilipwe kila mwaka, kwa kuwa kutoilipa ni kuvunja sharti la umiliki. Kodi ya jengo kwa kawaida hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, hivyo familia isikubali mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiidai kwa fedha taslimu.

Mgogoro ukitokea, msijibu kwa kujenga ukuta usiku. Pelekeni jambo kwenye baraza la kata kwa usuluhishi, na likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mkiwa na mkataba, stakabadhi za benki na picha za siku ya kupima. Karatasi hizo ziwe na nakala mahali pengine kabisa, kwa mfano kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, maana moto na mafuriko havichagui. Na siku familia itakapohamia, kabla vitu havijapangwa ndani, watoto wazungushwe kiwanja chote, wasimame kwenye kila bikoni na kuisoma namba yake kwa sauti, na majirani wa pande zote wawepo wakishuhudia.